Dilman Dila: Mwandishi wa Tororo aliyeileta sayansi katika hadithi za kijijini

Msafiri anayetoka Jinja kuelekea mpaka wa Kenya hupita Bugembe, Iganga na Bugiri kabla ya kuuona mwamba mkubwa wa Tororo. Katika mji huo, unaojulikana zaidi kwa saruji na malori ya mizigo kuliko kwa vitabu, alizaliwa Dilman Dila mwaka 1977. Leo ni miongoni mwa Waganda wanaotajwa kwanza panapozungumzwa hadithi za kubuni za kisayansi.

Utanzu huu ni upi?

Ni masimulizi yanayochukua jambo la kisayansi, la kweli au la kufikirika, kisha yakauliza: maisha ya binadamu yatakuwaje? Kwa muda mrefu wengi waliuona kuwa mali ya Ulaya na Marekani. Dila hakukubaliana na dhana hiyo. Katika hadithi yake moja, mbu waliobadilishwa vinasaba wanaangamiza kijiji. Msomaji wa Busoga au Bugisu, anayelala chini ya chandarua kila usiku, hahitaji kuelezwa hofu hiyo inatoka wapi.

Alianzaje?

Alianza kuandika angali kijana wa shule, kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 2001 kazi zake za kwanza zilichapishwa katika Sunday Vision, gazeti la Jumapili mjini Kampala. Hata hivyo, hadithi fupi za gazetini hazimlishi mtu. Dila aliajiriwa katika mashirika yasiyo ya kiserikali, huku akiendelea kuandika.

Filamu zilimwongezea njia. Alipata mafunzo katika Maisha Film Lab, taasisi iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair, na mwaka 2007 akatoa filamu fupi ya What Happened in Room 13. Mwaka 2013 ikafuata filamu ndefu, The Felistas Fable, kuhusu mwanamke aliyerogwa akawa ananuka. Uchawi na sayansi, kwa Dila, hukaa nyumba moja.

Mlango ulifunguka wapi?

Mwaka huohuo wa 2013 aliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2014 mkusanyiko wake wa kwanza, A Killing in the Sun, ulichapishwa na Black Letter Media ya Afrika Kusini.

Kwa nini kitabu cha Mganda kichapishwe mbali na kwao? Wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki hutegemea vitabu vya kiada, ambavyo soko lake lina uhakika. Riwaya na hadithi za watu wazima hubaki pembeni, na mwandishi hulazimika kubisha hodi ng'ambo. Majarida ya intaneti yamepunguza umbali huo, kwani muswada hausafirishwi tena kwa posta.

Mkusanyiko mwingine, Where Rivers Go to Die, ulitoka Marekani mwaka 2023 na kuteuliwa kuwania Tuzo ya Philip K. Dick.

Kati ya hadithi ya gazetini na uteuzi huo ilipita miaka zaidi ya 20. Kwa kijana wa Mbale au Bugembe mwenye daftari la hadithi, kipaji kipo karibu. Kinachosalia mbali ni mchapishaji wa nyumbani aliye tayari kukisubiri.