Gari kuukuu likinywa petroli, kagua thamostati kwanza

Wenye magari wengi hapa Mombasa, gari likizeeka likaanza kunywa petroli na taa ya injini ikawaka, hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ile inayofungwa kwenye ekzosi. Pesa zikaenda, na unywaji ukabaki pale pale.

Sensa hiyo huharibika, ni kweli. Lakini kwetu pwani, kwa kuogopa joto, mafundi wengi huing'oa thamostati ili injini isichemke. Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, takriban digrii 82 kwa magari mengi. Ikitolewa, au ikikwama wazi kwa uzee, maji hayashiki moto sawasawa. Sensa ya joto la maji huiambia kompyuta kuwa injini ingali baridi (wala haisemi uongo), nayo kompyuta huongeza petroli kana kwamba gari limewashwa alfajiri sasa hivi.

Basi fundi achomeke mashine ya kusoma makosa, mwende nalo hadi Mtwapa mkitazama joto la maji. Likiganda kwenye 60, tafuteni thamostati. Kodi P0128 huashiria hayo hayo. Mashine ikisema baridi na huku maji yanatokota, hapo sensa yenyewe ni mbovu, au plagi ya nyaya zake imeliwa na chumvi ya bahari.

Na kama thamostati iliondolewa kwa sababu gari lilikuwa likichemka, rejeta izibuliwe na feni ikaguliwe kabla ya kuirudisha.