Je, Wajua? Tumbo Lililoachwa Wazi

Je, wajua kuwa wapo wagonjwa wanaotoka chumba cha upasuaji tumbo likiwa wazi, na daktari amekusudia iwe hivyo? Aliyepasuka bandama kwenye ajali ya bodaboda, au ambaye taifodi imemtoboa utumbo hadi uchafu ukamwagika tumboni, pengine hawezi kuhimili operesheni ya saa nyingi. Mwili umepoa, damu imejaa tindikali na haigandi tena. Basi daktari huzuia damu, huziba kinachovuja, na mgonjwa hukimbizwa chumba cha mahututi apashwe joto na kuongezwa damu. Siku moja au mbili baadaye anarudishwa mezani, kazi imaliziwe. Mwaka 1993 madaktari wa Philadelphia, Marekani, waliupa utaratibu huo jina walilolitoa kwa wanamaji: meli iliyotobolewa huzibwa haraka ifike bandarini, matengenezo yatafuata. Ndugu waliokaa kwenye benchi nje hudhani daktari ameshindwa. Mara nyingi ni kinyume chake.

Je, wajua kwamba kifuniko mashuhuri cha tumbo hilo ni mfuko wa dripu? Mwaka 1984, mjini Bogotá, Kolombia, Oswaldo Borráez, daktari kijana aliyekuwa bado anasomea upasuaji, alichukua mfuko wa plastiki ulio safi, akaukata na kuushonea kwenye kingo za jeraha. Plastiki haigandani na utumbo. Tena inaonyesha: muuguzi akipita na tochi usiku anaona kama utumbo ni wa waridi au umeanza kuwa mweusi, bila kufungua chochote. Siku hizi ziko mashine za kufyonza maji kupitia sponji, na pale zinapopatikana ndizo zinazopendekezwa, lakini mfuko wa Bogotá haujastaafu. Kwa maoni yangu, uvumbuzi wa bei ya mfuko wa dripu unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Kwa nini tumbo lisifungwe tu kwa nguvu? Kwa sababu utumbo uliovimba ukibanwa, presha hupanda humo ndani, figo huacha kutoa mkojo na mapafu hushindwa kutanuka. Presha hiyo hupimwa kupitia mpira wa mkojo, kwa maji ya chumvi yasiyozidi mililita 25. Kwa mgonjwa mahututi, kawaida ni milimita 5 hadi 7 za zebaki. Ikivuka 20 na kubaki huko, na kiungo kikaanza kufeli, hiyo ni dharura.

Je, wajua kuwa tumbo lililo wazi linamwaga chakula? Kila lita ya maji inayotoka humo hubeba takriban gramu 2 za naitrojeni, yaani gramu 12 hivi za protini: mayai mawili. Ndiyo maana utumbo ukiwa mzima, mgonjwa huanza kulishwa mapema kwa mpira wa puani.

Balaa inayoogopwa kuliko zote ni utumbo kutoboka katikati ya jeraha. Fistula hii haina ngozi wala nyama kuizunguka, hivyo haijifungi kwa urahisi, na mfuko wa kukinga choo hauna pa kunata. Ikitoa zaidi ya mililita 500 kwa siku huhesabiwa kuwa kubwa, na maji yake huichoma ngozi hadi ikachubuka.

Alexis St. Martin aliyajua hayo, ingawa tundu lake lilikuwa la tumbo la chakula. Kibarua huyo wa biashara ya ngozi za wanyama alipigwa risasi kwa bahati mbaya mwaka 1822 katika kisiwa cha Mackinac, Marekani. Akapona, tundu likabaki. Daktari wake, William Beaumont, alikuwa akifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, anavitumbukiza humo, kisha anavivuta kuona vimesagika kiasi gani! Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. St. Martin alifariki mwaka 1880, miaka 58 baada ya risasi ile.

Muda nao ni dawa au sumu. Tumbo linalofungwa ndani ya wiki ya kwanza lina nafuu. Likichelewa, kingo hurudi nyuma na utumbo hugandamana.

Je, wajua kuwa urefu wa uzi una hesabu yake? Tangu mwaka 1976 madaktari hufuata kanuni ya Jenkins: uzi uwe angalau mara 4 ya urefu wa jeraha. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa, kwa operesheni zilizopangwa, mishono midogo ya milimita 5 ilipunguza ngiri ya kovu kutoka wagonjwa 21 kwa kila 100 hadi 13, baada ya mwaka mmoja.

Na glavu je? Utafiti wa nchi 7, Rwanda ikiwemo, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 13,000 na kuchapishwa mwaka 2022, ulibaini kuwa kubadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo kulishusha maambukizi ya kidonda kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilipochapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi, tatizo lililoongoza baada ya upasuaji lilikuwa hilohilo la maambukizi ya kidonda.

La mwisho ni lako unayemuuguza mtu. Kati ya siku ya 5 na ya 10, ukiona maji mepesi yenye rangi ya damu yanalowesha bandeji ghafla, mwite muuguzi papo hapo, maana mshono wa ndani huenda umeachia. Utumbo ukichomoza, usiurudishe kwa mkono. Mlaze chali, magoti yakunjwe, funika kwa gozi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, na usimpe chai wala maji: huenda anarudi mezani usiku huohuo.