Persona 5: mchezo wa Kijapani ambamo kalenda ni adui kuliko mazimwi

Mwanafunzi mmoja wa sekondari anafika Tokyo akiwa na jina baya. Alimtetea mwanamke aliyekuwa anasumbuliwa njiani na mlevi; mlevi akaanguka, akaumia. Kwa kuwa mlevi huyo alikuwa mkubwa mwenye uwezo, kijana ndiye aliyehukumiwa. Sasa anapaswa kuishi mwaka mmoja chini ya uangalizi, akilala juu ya mkahawa wa Bwana Sojiro Sakura.

Ndivyo unavyoanza Persona 5, mchezo wa video wa kampuni ya Kijapani Atlus. Ulitoka Japani mwezi wa Septemba 2016, kisha katika nchi zingine mwezi wa Aprili 2017. Kijana huyo na wenzake wanaingia katika ulimwengu wa siri, uliojengwa na tamaa mbaya za watu wazima, na kuwaibia mioyo ili watubu. Lakini kesho yake, shule inawangoja.

Siku moja, kazi moja

Hapa ndipo ugumu unapoanzia. Mchezo unafuata kalenda, siku kwa siku. Mara nyingi mchezaji anapata nafasi mbili tu: moja baada ya masomo, nyingine jioni. Ukienda kusoma, hukumwona rafiki. Ukienda kupigana, jioni unarudi umechoka na nafasi hiyo imepotea. Na kila kazi kubwa ina siku ya mwisho. Ile ya kwanza ni tarehe 2 Mei: ukichelewa, kijana anafukuzwa shuleni na mchezo umekwisha.

Zaidi ya hayo, kijana anapaswa kukuza tabia tano: elimu, ujasiri, ufundi, wema na mvuto. Kitabu kinaongeza elimu. Kuoga katika bafu la watu wote kunaongeza mvuto. Bila tabia hizo, watu wengine hawakubali hata kuzungumza naye.

Urafiki unazaa nguvu

Kila rafiki anawakilishwa na karata moja ya kupigia ramli, na uhusiano unapanda kutoka ngazi ya 1 hadi ya 10. Ngazi nyingi zinaleta faida, hata katika vita. Daktari Tae Takemi anauza dawa bora. Hifumi Togo, msichana bingwa wa shogi, mchezo wa Kijapani unaofanana na sataranji, anafundisha namna ya kubadilisha wapiganaji katikati ya vita. Tena, mchezaji anapounganisha pepo wawili ili kupata mmoja mpya, pepo huyo anazaliwa na nguvu zaidi ikiwa ni wa karata ya rafiki unayemjali.

Mapenzi yanakuja karibu na mwisho wa safari hiyo. Kwa wasichana wengi, kwenye ngazi ya 9 mchezaji anachagua: kubaki marafiki ao kuwa wachumba. Katika Persona 3 ya mwaka 2006 hapakuwa na uchaguzi huo. Urafiki na msichana ukifika mwisho, ulikuwa mapenzi tu. Persona 4, mwaka 2008, ndiyo ilileta uhuru wa kusema hapana.

Mwenye kuchumbia wengi, Persona 5 haimkatazi. Lakini baada ya Siku ya Wapendanao wasichana wote wanakuja mkahawani pamoja, na kijana anakiona cha mtema kuni.

Doa lisilofutika

Pamoja na uzuri huo, mchezo una kosa ambalo wengi wameulaumu. Adui wa kwanza ni Kamoshida, mwalimu wa michezo anayewapiga wanafunzi na kuwataka wasichana kwa nguvu. Mchezo unamhukumu bila huruma. Lakini baadaye unamruhusu kijana huyohuyo kuwa mpenzi wa Kawakami, mwalimu wake wa darasa, kana kwamba ni jambo la furaha. Mamlaka ya mwalimu juu ya mwanafunzi ni yaleyale, awe mwanaume ao mwanamke.

Jambo lingine: urafiki unaopimwa kwa pointi unaweza kumfanya mtu ajibu kile rafiki anachopenda kusikia, si kile anachoamini. Katika maisha, rafiki wa kweli anakuambia pia neno linalouma.

Huko Ulaya mchezo huu umewekewa umri wa miaka 16 na kuendelea. Toleo lake la Royal, lililotoka Japani mwaka 2019 na kwingine 2020, lina maandishi ya Kifaransa, kwa hiyo mzazi anaweza kukaa kando ya kijana wake na kufuata kinachosemwa. Wafikapo kwa Kawakami, wazungumze. Funzo la kalenda lenyewe halihitaji maelezo: siku uliyomnyima rafiki hairudi.