Viti vya Mnadani, Viti vya Maturubai na Nyumba ya Sentimita 92

Februari 2009 kiti kimoja kilipigwa mnada mjini Paris na kununuliwa kwa euro milioni 21.9. Kilikuwa kiti cha ngozi, na mikono yake ya mbao ilichongwa majoka mawili yaliyojikunja. Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland aliyeishi Paris, alikitengeneza kati ya 1917 na 1919, na baadaye kikaingia katika nyumba ya mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent. Mpaka siku ile hakuna kiti chochote cha karne ya 20 kilichokuwa kimefika bei hiyo.

Kwa wabunifu walio hai, jina lililotikisa minada ni la Marc Newson wa Australia. Mwaka 1986 alitengeneza kochi refu aliloliita Lockheed Lounge, umbo la fibaglasi lililovikwa vipande vyembamba vya alumini na kupigwa ribiti kama mwili wa ndege. London, 2015, moja kati ya makochi hayo machache liliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 2.4. Ni zuri kulitazama. Kulilalia ni habari nyingine, na sidhani kama aliyetoa fedha hizo ana mpango wa kulilalia. Rekodi za bei hutuambia mengi kuhusu matajiri na machache kuhusu viti.

Rekodi za ukubwa nazo zina kasoro hiyo hiyo. St. Florian, Austria, kampuni ya samani ilisimamisha kiti cha mita 30 mwaka 2009. Ni tangazo la biashara, tulipite. Kinachostahili safari ni kidogo kuliko hicho: kiti cha mbao cha mita 12 mbele ya ofisi za Umoja wa Mataifa, Geneva, chenye uzito wa tani 5.5 na mguu mmoja uliovunjika vipande. Msanii Daniel Berset alikibuni na fundi seremala Louis Genève akakijenga mwaka 1997, ili wanadiplomasia waone kila asubuhi kile ambacho bomu la kutegwa ardhini humfanyia mtu. Kilikusudiwa kukaa miezi michache tu, hadi mkataba wa kupiga marufuku mabomu hayo utiwe saini. Bado kiko.

Na kama kuna tuzo ya malighafi ya ajabu kuliko zote, naipeleka Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1992, nchi ilibaki na silaha zilizofichwa kila pembe. Kuanzia 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilisimamia mpango wa kubadilishana: leta bunduki, chukua jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakapewa vipande. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, aliviunga vikawa kiti cha enzi ambacho sasa kipo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mgongo wake ni bunduki mbili aina ya G3 kutoka Ureno. Sehemu nyingine zilitoka Ulaya Mashariki na Korea Kaskazini. Hakuna hata kipande kimoja kilichotengenezwa Afrika. Mimi hapo ndipo ninapokaa kimya kwanza, kabla ya kusifu ufundi.

Sasa tuje kwenye rekodi ambazo wabunifu wenyewe huzionea wivu, yaani za kupunguza. Mwaka 1957 msanifu wa Milano, Gio Ponti, pamoja na kiwanda cha Cassina, alitoa kiti cha Superleggera: mbao na ukindu wa kusuka, kilo 1.7 tu, na mtoto aliweza kukiinua kwa kidole kimoja. Hakukianzisha hewani. Alichukua kiti cha kale cha mafundi wa Chiavari, mji wa pwani ya Italia, akapunguza kila unene usio na kazi. Miaka 30 baadaye Alberto Meda alitumia nyuzi za kaboni akakaribia kilo moja, lakini kiti chake kilibaki cha wachache. Karne moja kabla yao, mwaka 1859, Michael Thonet alikuwa amekwisha kugundua kwamba wepesi wa kusafirisha ni utajiri: kiti chake Namba 14 kilikuwa vipande sita vya mbao, skurubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Wote wanaouza samani za kuunganisha mwenyewe nyumbani ni wajukuu zake.

Bingwa wa kuenea, hata hivyo, hana haja ya utangulizi. Ni kiti cha plastiki cha kipande kimoja. Umekikalia harusini chini ya turubai, msibani, kanisani, kwenye genge la supu, na yamkini kimoja kiko barazani kwako kimeshonwa kwa waya palipopasuka. Mfaransa Henry Massonnet alitoa chake mwaka 1972, na kwa teknolojia hiyo punje za plastiki huyeyushwa, hushindiliwa ndani ya umbo la chuma, na kiti hutoka katika muda usiofika dakika mbili. Hakuna skurubu wala gundi, na kumi hupangwa mahali pa kimoja. Wajuzi wa ladha wamekichukia: mji wa Basel, Uswisi, ulikipiga marufuku kwenye maeneo ya umma hadi 2017. Mwaka huo huo, ng'ambo ya mpaka tu, jumba la makumbusho la Vitra liliandaa maonyesho yake. Naye mhandisi wa Marekani, Don Schoendorfer, alikifunga magurudumu ya baiskeli na kuanza kugawa viti vya walemavu visivyo ghali. Shirika lake limekwisha kugawa zaidi ya milioni moja. Kwangu hicho ndicho kiti cha zama zetu, na ubaya wake ni mmoja: kikivunjika kabisa, hakuna fundi wa kukirudisha wala ardhi ya kukiozesha.

Kwenye majengo, wembamba una mfalme wake Warsaw. Mwaka 2012 msanifu Jakub Szczęsny alipachika nyumba katika ufa kati ya majengo mawili kwa ajili ya mwandishi Etgar Keret wa Israel. Mahali pembamba pana sentimita 92, pale palipopanuka ni 152. Unapanda kwa ngazi ya kuegemeza. Sheria za ujenzi za Poland hazikuikubali kuwa makazi, ikasajiliwa kama kazi ya sanaa.

Kasi ya ujenzi imekuwa mbio mpya, na hapa Afrika ya Mashariki na Kusini imo mstari wa mbele. Mashine hukamua tabaka juu ya tabaka la zege laini kama mwokaji anavyopamba keki, na ukuta unapanda bila matofali. Mwaka 2021 kampuni ya 14Trees ilichapa kuta za shule katika wilaya ya Salima, Malawi, kwa saa 18. Kisha ikaja Kilifi, Kenya, na mradi wa Mvule Gardens wenye nyumba 52. Msomaji angalia neno "kuta" lakini. Msingi, paa, milango, mabomba na umeme bado ni kazi ya mafundi na siku zao.

Mwisho ni urefu wa mbao. Mjøstårnet la Norway, mita 85.4, lilishika nafasi ya kwanza kuanzia 2019, hadi Ascent la Milwaukee, Marekani, lilipolipita kwa mita moja na kidogo mwaka 2022. Siri yao ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi zikawa nguzo kubwa kuliko zile ambazo mti wa kawaida hutoa. Watu wa pwani wanaelewa maana yake vizuri: vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali zaidi ya mita tatu hivi. Mwaka 2021 ulitangazwa mchoro wa Burj Zanzibar huko Fumba, ghorofa 28, mita 96, mbao juu ya kiini cha zege. Ukijengwa jinsi ulivyochorwa utaipita Milwaukee kwa zaidi ya mita tisa. Lakini rekodi haiandikwi kwa mchoro, kwa hiyo subirini paa kwanza ndipo mpige vigelegele.