Vita vya Kambale Wachanga

Wanangu wa Naguru, mkiteremka kilima hadi soko la Nakawa mtawakuta kambale, wale Waganda wawaitao emmale: ngozi nyeusi isiyo na magamba, masharubu marefu mdomoni. Leo nawasimulia utoto wao, maana ni utoto wa vita.

Kambale jike mmoja hutaga mayai makumi ya maelfu. Maji yakiwa na joto, mayai huanguliwa baada ya siku moja hivi. Siku za mwanzo vifaranga huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, na wote wametulia. Kiini kikiisha, njaa huingia. Huyu anamng'ata yule mkia, na aliyeng'atwa hudhoofika, akafa. Baadaye, aliyewahi kukua humkamata mdogo kichwani, akammeza mzima mzima. Na hao ni watoto wa mama mmoja!

Mtaniuliza: kwani samaki hamjui ndugu yake? Wapo wanaomjua, tena kwa harufu. Mwaka 1993 Grant Brown na Joseph Brown, watafiti wa Kanada, walieleza kuwa samoni na trauti wachanga wakikaa na ndugu zao hugombana kidogo kuliko wakikaa na wageni. Badala ya kuumana, hutishana tu, kila mmoja akarudi mahali pake. Hapo pana faida kubwa. Ndugu yako amebeba sehemu ya urithi uleule wa wazazi wenu. Akishiba, akakua na kuzaa, urithi huo unaendelea hata kama wewe hukuzaa.

Kwa kambale, lakini, undugu haumkingi mdogo. Kinachomponza ni njaa, na kinywa cha mwenzake kilichompita ukubwa. Wafugaji wanalijua hilo vizuri. Hapa Uganda, kambale ni miongoni mwa samaki wanaofugwa zaidi.

Basi, nyumbani kwenu mkifuga kambale kwenye tangi, walisheni kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na muwawekee kivuli, maana gizani hutulia. Zaidi ya yote, wachambueni mara kwa mara: wakubwa tangi lao, wadogo lao. Mkichelewa, mtavuna wachache wanene, na wengine wote watakuwa wameishia matumboni mwa ndugu zao.