Mlaji wa Kila Kitu na Mlaji wa Kitu Kimoja

Mapema mwaka 2020, simu kutoka Kitui zilikuwa na habari moja tu: nzige. Nyanya wa mmoja wetu alisimulia jinsi walivyopiga madebe na sufuria kutwa nzima ili wadudu wasitue kwenye kunde. Sisi huku Marekani tulisikiliza tu.

Septemba hii tulikuta viwavi 6 wa kipepeo monarki nyuma ya bweni letu, tukafurahi. Ndipo tukajiuliza: wote ni walaji wa majani, mbona mmoja tunamfukuza kwa madebe na mwingine tunamshangilia?

Nzige wa jangwani hachagui sana. Mahindi, mtama, malisho ya mifugo, vyote ni chakula. Ana gramu 2 hivi, na kwa siku anaweza kula uzito wake. Ni kidogo, mpaka ukumbuke kwamba kundi lililotanda kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80. Cha ajabu, akiwa peke yake hana madhara makubwa. Mvua ikinyesha jangwani, tunutu huongezeka; majani yakipungua, hubanana. Kule kugusana miguu ya nyuma hubadilisha tabia yao, kisha rangi, na safari ya pamoja huanza.

Kiwavi wa monarki hula karibu mimea ya jenasi Asclepias pekee, yenye utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo hunata na una sumu. Kiwavi hukata kwanza mshipa wa jani ili utomvu upungue, ndipo ale. Sumu anayoimeza huihifadhi mwilini, na ndege akimla, hutapika.

Lakini nzige akikosa mahindi atakula mtama. Kiwavi akikosa mmea wake, hufa. Dawa za magugu zimeumaliza mmea huo katika mashamba mengi ya mahindi na soya ya Marekani, na vipepeo wamepungua.

Wiki moja baadaye, mashine ya kukata nyasi ilipita nyuma ya bweni. Hatukumkuta hata kiwavi mmoja. Tumeomba kipande kidogo cha ardhi, nasi tutapanda mbegu kabla ya baridi kali.

Nyanya aliposikia kwamba tunawapandia wadudu chakula, alicheka sana. "Na wakishiba, wanaenda wapi?"

Tukamjibu: Mexico, milimani.

"Haya. Bora wasije kwa kunde zangu."