Mkojo mwekundu, macho ya njano

Katika zahanati moja ya Temeke, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu hakagui macho ya mgonjwa ndani. Humtoa barazani kwenye mwanga wa jua, akamwambia atazame chini, kisha kwa kidole gumba akainua kope la juu mpaka weupe wa jicho uonekane wote. Anatafuta pale ambapo jua na vumbi havifiki. Wazee wengi, anasema, sehemu ya mbele ya jicho imekwisha kubadilika rangi kwa jua na moshi, haimwambii kitu. Na taa za ndani zinaificha njano.

Wagonjwa humwita sista. Wengi wanadhani anapima upungufu wa damu. Kumbe anaulizia ini.

Dozi ya TB inajulikana: miezi 2 ya dawa nne, miezi 4 ya dawa mbili. Kati ya hizo nne, tatu zinaweza kuliumiza ini, yaani rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi. Wengi humaliza salama. Walio hatarini zaidi ni wanywaji pombe, wazee na wenye homa ya ini, ingawa hata kijana asiye na lolote huweza kupatwa. Mjini Washington, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watumishi 2,321 walipewa isoniazidi ya kuwakinga. 19 waliugua ini, 2 wakafa.

Lakini kilichonikaa kichwani ni habari ya mkojo. Rifampisini huugeuza kuwa wa rangi ya chungwa, hata mwekundu, pamoja na jasho na machozi. Kwa hiyo siku ya kwanza kila mgonjwa huambiwa: ukiuona hivyo usishtuke, ni dawa. Ushauri sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba ini likiumia, mkojo nao hugeuka, ukawa kama chai ya rangi iliyokolea. Aliyekwisha kuambiwa asishtuke, hashtuki. Ndiyo maana sista haridhiki na habari za mkojo peke yake: kwa dozi ya kawaida, rifampisini haiugeuzi weupe wa jicho kuwa wa njano.

Swali lake la pili ni la chakula. Hamuulizi mtu anajisikiaje, kwa sababu atajibiwa nzuri tu, sista. Humuuliza jana usiku alikula nini, akamaliza? Hamu ya kula mara nyingi hupotea siku kadhaa kabla macho hayajageuka rangi, na mwenyewe hulaumu mboga.

Kuna jambo hata yeye linamsumbua. Miezi yote 6 anawahimiza watu wasiruke dozi hata siku moja, wasije wakajenga usugu. Papo hapo anatakiwa kuwaambia kwamba ipo siku ya kuacha kumeza. Kichefuchefu kidogo cha wiki za mwanzo ni cha kawaida. Kipi sasa ni cha ini, na nani atakitambua saa tano ya usiku nyumbani? Kipimo cha damu kingesema, ila zahanati yake haina mashine, anaandika rufaa, na nauli ni ya mgonjwa. Na anapokuja ndugu kumchukulia mgonjwa dawa, sista amtoe nani barazani? Hakunijibu.

Basi wewe unayemeza dawa hizi, au unayemtunza anayezimeza: chakula kikikataa, ukitapika mfululizo, ukiumwa chini ya mbavu za kulia au macho yakiwa ya njano, usimeze dozi inayofuata, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Usikae nyumbani kungoja hali ipoe, wala usianze tena kumeza kwa uamuzi wako. Watakaoamua dawa ipi irudi na lini ni wao. Beba kila unachotumia, panadol na mitishamba pia, maana navyo hupita kwenye ini hilo hilo.